Kutetea Tasnifu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwa mwanafunzi wa uzamivu anayeishi Kiseke, Mwanza, anayeandika juu ya samaki wa Ziwa Victoria na kudhani kwamba utetezi ni kazi ya mwezi wa mwisho. Anza mwaka huu.

FUNGUA daftari la maamuzi siku ya kwanza ya kwenda mwaloni. Kwa nini mwalo wa Igombe na si wa Kirumba? Kwa nini ulipima alfajiri? Kwa nini nyavu za makila za ukubwa ule? Andika jioni hiyohiyo. Mtahini wa nje atauliza hayo hasa, na wakati huo utakuwa umeshasahau.

USISEME sangara walimaliza furu, kisha ukanyamaza. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na furu wakaporomoka miaka ya 1980. Jopo zima linajua. Utaulizwa juu ya mbolea na maji machafu yanayotiririkia ziwani, mwani uliotapakaa, oksijeni iliyopungua vilindini, makokoro. Utaulizwa juu ya maji yaliyotiwa ukungu hata furu majike washindwe kutambua rangi za madume wao, spishi zikachanganyika. Kila mwezi chukua hoja moja inayopingana na yako, itetee kwa dhati kana kwamba ni yako, ndipo uijibu kwa ukurasa mmoja. Hapa ndipo mtafiti hupatikana, na sioni njia ya mkato.

USITAJE kazi usiyoisoma. Ukimtaja Michael Graham, aliyechunguza ziwa mwaka 1927 na 1928 na kupendekeza nyavu zenye matundu yasiyopungua inchi 5, ujue alifikiaje inchi hizo. Wasome pia watafiti Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970.

SEMA kwa sauti. Ulihoji wavuvi kwa Kiswahili na Kisukuma, ukaandika kwa Kiingereza. Ulimi wako haujawahi kuibeba hoja hiyo kwa lugha ya mtihani. Omba wenzako wa vyuo vya Malimbe au Bugando wakuhoji, na mmoja asiwe wa fani yako. Usikariri majibu: swali likigeuzwa kidogo tu, umekwama.

USIFICHE udhaifu wa sampuli zako. Utaje mwenyewe, ueleze unaathiri matokeo yapi na yapi hauyagusi.

USIBISHANE, wala usikubali kila kitu. Mtahini akikosea kuhusu mwalo ulikokaa wewe miezi mingi, mwambie kwa heshima na umwonyeshe takwimu.

Utetezi ukiwa Dar es Salaam, usifike kwa basi asubuhi ya siku yenyewe; ni zaidi ya kilomita 1,000. Fika siku mbili kabla.

Na marekebisho yakitolewa, yaandike yote kabla hujatoka chumbani, kisha mwombe msimamizi ayathibitishe moja moja.