Farasi, Mbuzi na Moyo wa Mwalimu

Soma kwanza: Hesabu 22:21–35



Kisa cha Balaamu na punda wake twakijua tangu shule ya Jumapili. Balaamu alimpiga mnyama wake mara tatu kwa sababu hakutaka kwenda mbele. Kumbe punda alikuwa amemwona malaika njiani, naye bwana wake, aliyesifika kwa kuona mambo ya siri, hakuona kitu. Kwa kawaida twastaajabia punda aliyenena. Leo tuangalie jambo jingine: yule punda alimwonyesha Balaamu hali ya moyo wake mwenyewe.

1. Farasi humsoma mtu

Farasi ni mnyama aliyezoea kuwindwa, na kinga yake ni kukimbia. Macho yake yako pande mbili za kichwa, hata huona karibu pande zote. Ngozi yake huhisi inzi mmoja akitua. Kwa hiyo humsoma mtu kabla mtu hajasema neno. Ukimwendea kwa hasira, umekaza mabega na kuhema haraka, atarudi nyuma hata kama unatabasamu. Ukitulia, ukalegeza mkono na kungoja, huenda akasogea mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, huko Ulaya na Marekani watu wenye huzuni, askari waliorudi vitani na watoto wenye shida ya kusema hupelekwa kwa farasi. Mara nyingi hawampandi. Humkaribia, humpiga brashi, humwongoza kwa kamba, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo huwa karibu. Anayejifunza hutambua hofu au hasira yake kwa kumtazama mnyama, kisha hujifunza kuitawala. Msaada huu hauchukui nafasi ya daktari, lakini umewafaa wengi.

Alikuwako mama mmoja wa Denmark, Lis Hartel, aliyepatwa na polio mwaka 1944, akapooza miguu kuanzia magotini kwenda chini. Alirudi kwa farasi wake ingawa ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Mwaka 1952, katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alipata nishani ya fedha. Habari zake ziliwatia wengi moyo, na mwaka 1969 huko Uingereza kikaundwa chama cha kuwafundisha walemavu kupanda farasi.

2. Je, sisi wa Morogoro?

Msomaji atasema, "Mwalimu, sisi farasi tutamtoa wapi?" Ni kweli. Ndorobo huleta nagana, na visubi huleta ugonjwa mwingine unaoua farasi upesi. Mwaka 1916, askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini walipopigana na Wajerumani katika nchi hii, wakafika mpaka Mlali na milima yetu ya Uluguru, farasi wao walikufa kwa maelfu katika vita hivyo.

Lakini somo la farasi tunalo hapa hapa mjini. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hapigwi. Huzoeshwa kushikwa na watu tangu akiwa mdogo. Akifanya vema husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula kidogo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu Uingereza. Mnyama tunayemfukuza kwa fagio alifundishika kwa uvumilivu!

3. Mbuzi wangu

Sasa niseme yangu. Nilipostaafu nilinunua mbuzi wa maziwa kutoka Mgeta, wa ile mbegu ya Norwei iliyoletwa huko miaka ya 1980. Asubuhi moja niliingia bandani nimekasirika kwa sababu ya pensheni. Mbuzi akarusha teke, ndoo ikamwagika. Nikampiga. Nikakaa tena kukamua, hakikutoka kitu, na kiwele kimejaa.

Mke wangu akaja mlangoni. "Baba," akasema, "hebu toka ukapumzike kwanza. Mbuzi kakuogopa."

Akaketi, akamwosha kiwele kwa maji ya moto kidogo, akamsemesha polepole. Maziwa yakashuka. Wafugaji wanalijua jambo hili: mwili wa mnyama mwenye hofu huyazuia maziwa, ingawa yapo.

Nilisimama nje nikamkumbuka mwanafunzi mmoja wa darasa la tano. Hesabu zake daftarini zilikuwa sahihi, lakini nikimwita ubaoni alikuwa bubu. Nilisema ni kiburi. Nilimchapa, naye akazidi kunyamaza, hata mwisho akaacha shule. Chuoni nilifundishwa namna ya kuandaa somo na kuandika ubaoni, lakini sikujifunza kujitazama mwenyewe kabla ya kuingia darasani. Yule mtoto alikuwa na majibu. Mimi ndiye niliyeyazuia.

Nilimtafuta, nikamkuta sokoni akiuza ndizi. Nikamwomba radhi. Akasema, "Yamepita, mwalimu." Lakini aliponipa mkono aliinamisha macho, kama zamani mbele ya ubao. Nimesamehewa, nashukuru, lakini miaka yake ya shule siwezi kuirudisha.

4. Twajifunza nini?

Wako watakaonitajia fimbo ya Mithali 13:24. Na tusome pia Mithali 12:10, juu ya mtu mwenye haki na uhai wa mnyama wake, na Zaburi 23, ambamo fimbo ya mchungaji humfariji kondoo. Kuadhibu ukiwa na hasira si kulea. Balaamu aliacha kupiga pale macho yake yalipofumbuliwa.

Basi, tujizoeze hivi. Kabla ya kuingia bandani, darasani au nyumbani jioni, simama mlangoni. Vuta pumzi, omba kwa ufupi, ujiulize, "Naingia na nini?" Mnyama atakujibu mara moja. Mtoto huenda akakujibu baada ya miaka thelathini.

Maswali ya kujadiliana

1. Punda aliona nini ambacho Balaamu hakukiona? Kwa nini?
2. Ni nani nyumbani kwako ananyamaza ukiingia?
3. Yuko mtu unayepaswa kumtafuta na kumwomba radhi? Utakwenda lini?