Mwulize Bibi Habari za Ng'ombe: Namna Tulivyoupata Ukoo Wetu

Mshenga wetu alikuwa amekwisha kukaribishwa na kuketishwa, na maneno ya heshima yamekwisha kupita baina ya pande mbili, ndipo mzee mmoja wa upande wa binti, ambaye tangu tulipoingia katika ua ule wa Katoro alikuwa kimya, alipoinua uso akauliza swali ambalo kwetu hutangulia habari ya mahari: "Ninyi ni watu wa ukoo gani?" Kijana wetu, mtoto wa marehemu kaka yangu, akajibu kwa kutaja jina la mwisho lililo katika kitambulisho chake, ami yetu akasema sisi ni Babinza, kwa kuwa ndivyo alivyomsikia babu akisema, na mzee yule akajibu kwa upole, walakini kwa sauti isiyokubali mjadala, kwamba wao ni Balongo, na kwamba tangu utotoni alisikia kwa wazee wake ya kuwa wako Balongo waliopotelea upande wa Shinyanga wakatwaa ukoo wa wajomba zao, basi posa na isimame kwanza mpaka ijulikane sisi ni nani hasa, kwani mtu hamwozi binti yake kwa nduguye kwa ajili ya haraka.

Sikuona ubaya katika neno lake, wala siuoni hata leo, maana alikuwa akilinda haki ya watoto wale wawili na ya wale watakaozaliwa nao. Lakini njia nzima ya kurudi Shinyanga, kupitia Kahama, hakuna aliyezungumza katika gari, na moyoni niliazimia kwamba swali lile halitatukuta tena bila jawabu. Yaliyofuata nayaandika hapa kwa mpangilio, ili yamfae mwenye haja kama yetu. Na yale ambayo kila mtu anayajua, kwamba uandike majina unayoyakumbuka, uwahi wazee kabla hawajafariki, na urekodi sauti kwa simu kwa idhini yao, nayapita.

Nianze na wauzaji, maana ndio wanaokukimbilia mwanzo. Kijana mmoja mwenye duka la kuchapa fulana na mabango, mara tu aliposikia haja yangu, alinitengenezea kwenye kompyuta yake nembo ya ukoo yenye simba wawili, ngao na mikuki, na chini yake jina la baba yangu kwa herufi za dhahabu; hakuuliza tulitoka wapi wala tulikuwa watu wa kazi gani, aliuliza jina la mwisho na ukubwa wa fulana, kisha akataja bei. Nilikataa, na namnasihi kila msomaji akatae. Biashara hii ina historia yake huko Uskoti, nchi ambayo watu wake wametangulia ulimwenguni kwa kuzitafuta koo zao: kitambaa cha mirabamiraba ambacho leo kila ukoo huko hudai kuwa ni chake tangu jadi, sehemu kubwa ya mitindo yake ilikuja kupewa majina ya koo katika karne ya 19, hususan baada ya Mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822, na wafumaji kama kiwanda cha Wilson cha Bannockburn walikwisha kuwa na daftari la mitindo tangu 1819. Mteja alitaja jina, muuzaji akampa rangi. Binamu yangu aliye ughaibuni naye alinunua kipimo cha vinasaba kwa mate kwa fedha nyingi, na jawabu alilopewa lilisema kwamba asili yake ni Wabantu wa Afrika ya Mashariki, jambo ambalo mama yake angelimwambia bure. Kitu pekee cha kununua ambacho sijutii ni kaunta buku lenye jalada gumu, la aina yoyote, mradi uzi wake wa kushonea uwe madhubuti.

Waskoti, hata hivyo, wana neema moja ambayo sisi hatuna. Tangu tarehe 1 Januari 1855 serikali yao imekuwa ikiandika kila aliyezaliwa, aliyeoa na aliyekufa, na kabla ya hapo yalikuwako madaftari ya makanisa yao, na jina la ukoo lilishuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mfikirie Alexander Mackay, Mskoti mmisionari na fundi, aliyefariki Usambiro, kusini mwa Ziwa letu hili, mwaka 1890: kijiji alichozaliwa mwaka 1849 kinajulikana, ni Rhynie, na baba yake anajulikana, na hata mifupa yake iliyohamishiwa Namirembe mwaka 1927 ina mahali pake. Katika miaka hiyohiyo, mwendo wa siku chache tu kutoka pale, aliishi mtu ambaye damu yake ndiyo damu yetu, naye hakuandikwa na mtu yeyote.

Tena, jina la mwisho kwetu halishiki nasaba. Pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, anayewafuatia ni Shija, aliyetanguliza miguu ni Kashinje, na aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mabula. Mwenye jina hilo akizaa, jina lake linakuwa la mwisho kwa mwanawe, na kwa mjukuu huenda limekwisha kutoweka. Mimi natumia jina la baba na mdogo wangu, wa tumbo moja, anatumia la babu, kwa sababu mwalimu mkuu aliyemwandikisha alipenda hivyo. Anayetafuta ndugu zake kwa jina la Masanja kuanzia Kishapu hadi Chato atapata watu elfu, wote Masanja, na huenda asipate ndugu hata mmoja.

Fauka ya hayo, ardhi yenyewe imehamahama chini ya miguu yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni, kwa mpango wake wa maendeleo ya Usukuma, ilifyeka mapori yenye mbung'o na kufungua Geita ili watu na mifugo waliosongamana upande wa mashariki wapate pa kwenda. Wengine walikuwa wamekwisha kufuata dhahabu ya mgodi wa Geita, nao ulipofungwa mwaka 1966 baadhi yao walibaki wakilima pamba. Utemi ukaondolewa kwa sheria mwaka 1963, na pamoja nao ile heshima ya banamhala, wazee waliohifadhi habari za koo. Kisha mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakayaacha makazi yao na makaburi ya wazee wao yakalimwa mtama.

Sasa niseme njia iliyotufaa. Wazee niliowaendea mwanzo, nilipowauliza "babu wa babu yako aliitwa nani," walinijibu kwa mashaka, na wengine walinyamaza kabisa. Nami nilitambua baadaye kwamba katika nchi ya migodi, ambako fidia ya shamba hulipwa kwa mwenye kuthibitisha urithi, mtu mwenye daftari anayeuliza majina ya mababu hudhaniwa kuwa ana kesi ya ardhi. Hali ilibadilika nilipofika Nyarugusu kwa dada wa babu yetu, bibi aliyepindukia miaka tisini, mwenye macho yaliyofifia na akili isiyofifia. Nilimsalimu, akaniwekea michembe, na kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha, nilimuuliza tu, kwa kuzungumza, wakati wa kuolewa kwake walitolewa ng'ombe wangapi.

Aliweka kikombe chini. Aliwataja mmoja mmoja: mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, ambaye alikuwa na mimba; dume mweusi wa pembe iliyopinda kuelekea jichoni; ng'ombe jike wa kijivu aliyekataa kuvuka mto mpaka alipobebewa ndama wake mbele; na kwa kila mmoja alisema aliingia zizini kwa nani na alitoka kwa ajili ya nani. Kwani ng'ombe walioingia kwa binti ndio waliotoka kwa kaka yake alipooa, na kwa hiyo mwenye kukumbuka ng'ombe ameikumbuka nasaba nzima bila kujua kwamba anaikumbuka: mwekundu alimwoza babu yetu, na ndama wake alikwenda kulipa deni la ami yake.

Lakini palikuwa na jambo lililonishtua. Sehemu kubwa ya ng'ombe wale, ile ambayo kwa haki huchukuliwa na upande wa baba wa baba yake, ilichukuliwa na mjomba wa baba yake. Nikamuuliza sababu, naye akanishangaa: "Mjukuu wangu, angechukua nani mwingine? Yeye ndiye aliyemlea. Baba yangu alizaliwa kwa majembe."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Baba yake alizaliwa na mhunzi wa Kilongo aliyekuja kutoka upande wa Msalala akiuza majembe ya chuma, kama walivyokuwa wakifanya Balongo zamani, kwani wao ndio waliolisha Usukuma majembe kabla ya majembe ya Ulaya. Mhunzi alitaka kulipa mahari kwa majembe. Wajomba walitaka ng'ombe, na ng'ombe hawakuwako, kwa kuwa ile sotoka kubwa ya miaka ya 1890 ilikuwa imefagia mazizi, majembe yakarudishwa. Na kwa sheria ya mila ya Wasukuma, mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari ni wa upande wa mama mpaka baba atakapomkomboa kwa ng'ombe. Ng'ombe hao hawakuja. Mtoto akakua kwa wajomba, akaitwa Mbinza, naye akatuachia sisi ukoo huo.

Basi ndugu msomaji, ukimkuta mzee, acha majina. Uliza ng'ombe wa mahari yake walikuwa na rangi gani, nani aliwaswaga, nani alipewa dume, nani alinuna kwa kukosa fungu. Kisha kaa utazame ni nani aliyekula fungu la baba. Kama aliyelila ni mjomba, chimba hapo hapo. Usiridhike na mzee mmoja: mimi nilikwenda Nyang'hwale, nchi ya Msalala ya zamani, nikiwa sijasema habari yoyote ya bibi, na kwa mzee wa tatu niliyeketi naye nilisikia kisa cha mwanamume wa kwao aliyerudi kutoka mashariki na mzigo wa majembe yaliyokataliwa, akayafukia nyuma ya tanuri lake kwa hasira. Machozi yalinitoka mbele ya watu, wala sikuyaficha.

Katoro tulirudi na habari kamili. Wazee wa pande zote walikaa mchana kutwa wakipambanua Balongo wa Msalala na wale wa binti, ambao wahunzi wao walitoka Uzinza, ukingoni mwa ziwa, na wasipoona babu wa pamoja katika vizazi vyote vinavyokumbukwa, walituruhusu. Posa ikapokewa.

Njia nyingine nazitaja kwa ufupi. Madaftari ya ubatizo ya parokia za zamani yana majina ya wazazi, na Bukumbi, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883, ndiyo kongwe upande wetu wa ziwa. Karatasi za Hans Cory, aliyeandika sheria na mila za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, zimo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na makumbusho ya Bujora, kazi ya Padri David Clement, yana nyumba ya mhunzi ambayo nilisimama ndani yake muda mrefu kuliko wageni wenzangu walivyopenda. Jihadhari pia na mzee atakayekuambia kwamba ninyi ni Bagika au Bagalu: hivyo ni vyama vya ngoma, na ndugu wawili waweza kuwa katika vyama mbalimbali.

Habari za ukoo sasa tunapashana kwa kundi la simu, nami ndiye niliyeshikilia kanuni yake moja, kwamba kila tangazo la kuzaliwa, ndoa au msiba liandikwe kama yale matangazo ya vifo ya Radio Tanzania tuliyokuwa tukiyasikiliza utotoni, ambamo marehemu alitajwa pamoja na baba yake na kijiji chake, na habari zikawafikia fulani aliyeko Maswa, na fulani aliyeko Runzewe. Vijana walilalamika kwamba ni marefu. Sasa wameyazoea, na mmoja wao huyanakili yote katika kaunta buku. Tawi linalotupungukia ni la dada wa yule mhunzi, aliyeolewa upande wa Bukoli na ambaye bibi hakumbuki ng'ombe wake. Mwenye kumjua bibi wa aina hiyo katika simulizi za kwao na aniandikie. Kikao chetu cha mwaka huu kitakuwa Nyang'hwale, baada ya kuvuna mpunga.