Kinanda Kisikike Vizuri: Somo kwa Wapiga Kinanda na Mafundi wa Mitambo

Maandiko ya kusoma: 1 Wakorintho 14:7-11, 2 Nyakati 5:12-14



Somo la wiki hii ni la watu wa vyombo. Lakini wewe mzee wa kanisa, na wewe mweka hazina, usiruke ukurasa huu, maana linagusa sadaka.

Mwaka mmoja wa ukame tulikuwa na mkutano wa nje karibu na Wote. Tulikuwa na piano ya dijitali, nzuri, yenye vitufe 88. Kijana wetu akiipiga peke yake kwa spika zake za ndani, sauti ilikuwa nzito na tamu. Ikiunganishwa na mitambo, sauti inakuwa nyembamba kama redio ambayo betri inakwisha. Katikati ya kuabudu nikamkemea yule kijana kwa maiki, mbele ya watu: "Piga kwa nguvu!" Akapiga mpaka vidole vikamuuma. Hakuna kilichobadilika.

Jumatatu kamati ikakaa. Ikaamuliwa kufanyike harambee ya kinanda kipya na spika kubwa. Mama mmoja mjane akasimama akaahidi kuuza mbuzi. Kumbukeni huo ulikuwa msimu ambao kuna nyumba hazikuvuna hata debe moja la ndengu.

Kabla ya siku ya harambee, fundi mmoja kutoka Kitui alipita kwetu kwa shughuli nyingine. Akatazama kinanda, akachomoa waya, akauangalia ncha yake, akacheka kidogo. Akatuma mtu sokoni alete waya mwingine, wa pesa isiyofika bei ya kuku. Sauti ikajaa kanisa lote. Kumbe kinanda kilikuwa kizima, spika zilikuwa nzima, na kijana alikuwa mzima.

Paulo anapotaka kufundisha kanisa juu ya maneno yanayoeleweka, anachukua mfano wa filimbi na kinubi. Chombo kisichotoa sauti wazi hakimsaidii msikilizaji, hata kama mpigaji ana moyo safi. Basi tujifunze mambo sita.

1. Angalia ncha ya waya

Shika waya wako uangalie ile pini ya robo inchi. Ikiwa na pete moja nyeusi, ni waya wa mono. Ikiwa na pete mbili, inabeba njia mbili. Sasa, vinanda vingi vidogo vina tundu moja tu, lile la hedifoni, na hilo hutoa stirio: sauti ya kushoto na ya kulia. Ukitoa hapo kwa waya wa pete mbili na kuuingiza kwenye tundu moja la mikisa, kuna hesabu inafanyika ndani. Tundu nyingi za mikisa zimetengenezwa zitoe njia moja kutoka kwa nyingine, ili kelele iliyoingia njiani ifutike. Ni jambo jema kwa maiki. Lakini kwa kinanda, kila kitu ambacho kushoto na kulia vinafanana kinafutwa pia, na hicho ndicho kiini cha sauti. Kinachobaki ni ganda. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu.

Dawa yake: tumia waya unaogawanyika, upande mmoja pini ya stirio, upande wa pili pini mbili za mono. Ingiza hizo mbili kwenye njia mbili za mikisa. Kama imebaki njia moja tu, ingiza ya kushoto peke yake.

2. Kushoto, au vyote viwili?

Piano kubwa za dijitali huwa na matundu mawili nyuma, na la kushoto mara nyingi limeandikwa pia MONO. Ukiwa na waya mmoja, uweke hapo. Ukiuweka kulia peke yake, unapeleka nusu tu ya sauti. Ukiwa na nyaya mbili, weka zote, na kwenye mikisa geuza njia moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, ikiwa spika zenu kweli zimeunganishwa kwa stirio.

Makanisa yetu mengi spika zote hutoa kitu kimoja. Hapo sauti mbili za piano zikichanganywa zinaweza kugongana na kupungua. Usibishane, sikiliza tu: piga akodi moja kwa njia ya kushoto pekee, kisha kwa zote mbili zikiwa sawa kwa ukubwa. Chagua iliyo nene. Na kama kinanda chako kina sauti ya piano iliyoandikwa mono, ijaribu kwanza.

3. Panga nguvu tangu mwanzo

Mpiga kinanda, weka sauti ya kinanda kwenye robo tatu, halafu uiache hapo. Fundi wa mitambo, mwambie apige wimbo mzito kabisa wa siku hiyo, si kugusa kitufe kimoja, kisha uongeze geni mpaka karibu na taa nyekundu, urudi nyuma kidogo. Kinanda kikiwa chini sana na geni juu sana, utasikia mvumo kuliko muziki. Taa nyekundu ikiwaka kila mara, sauti inapasuka, na hakuna kitufe kingine kitakachoishona.

4. Waya mrefu na stima

Mikisa ikiwa nyuma ya kanisa na kinanda kiko madhabahuni, waya wa kawaida unaokota mlio njiani. Ukipita mita sita hivi, tumia kisanduku cha DI karibu na kinanda, halafu waya wa maiki kutoka hapo. Kisanduku hicho huwa na kitufe kidogo cha kukata mlio wa ardhi. Kibonyeze.

Lakini sikieni sana: msivunje ile pini ya ardhi kwenye plagi ya stima ili mlio uishe. Stima yetu ni volti 240. Anayeshika maiki ya chuma huku kifaa kina hitilafu anaweza kufa, na jenereta ya uwanjani haibadilishi jambo hilo.

5. Jua uko wapi

Kanisa la mabati na uwanja wa Makindu si kitu kimoja. Ndani ya mabati sauti kali za juu zinaruka huku na huku. Hapo punguza kidogo sauti za juu, na uzime mwangwi wa kinanda, kwa kuwa jengo lina mwangwi wake. Nje hakuna ukuta wa kurudisha chochote, besi inapotea, na kinanda kinasikika kikavu. Hapo ndipo unapoongeza mwangwi kidogo na besi kidogo. Spika ya inchi 8 haitakupa kitufe cha mwisho kushoto, ambacho hutetema mara 27.5 tu kwa sekunde. Ya inchi 12 au 15 itakusaidia zaidi.

6. Achia wenzako nafasi

Wengi wanafikiri sauti nene ni kuongeza kila kitu. Hapana. Gitaa la besi likiwapo, mkono wako wa kushoto ukikaa chini kabisa, mnatoa uji. Panda oktavu moja juu. Fundi apunguze kidogo eneo la hezi 200 hadi 400, ambako matope hukaa, na kama maneno ya mkono wa kulia hayasikiki, aongeze kidogo karibu na hezi 3,000. Gitaa letu la Kikamba hupenda kukaa juu likikimbia, basi piano ishike katikati. Unaweza kuweka vaiolini chini ya piano, lakini iwe kidogo, isikike tu ikiondolewa. Na spika ya mpigaji ielekezwe masikioni mwake, si magotini. Asiyejisikia hupiga kwa hasira.

Katika 2 Nyakati wapigaji na waimbaji walikuwa wengi, vyombo vingi, lakini sauti ikawa kama ya mtu mmoja. Ndipo utukufu ukajaa nyumba. Umoja huo haukuja kwa kila mmoja kushindana na mwenzake.

Neno la mwisho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tulitaka jembe jipya kabla hatujakagua mpini. Mbuzi wa yule mama hakuuzwa, Bwana apewe sifa. Lakini kijana nilikuwa nimemwaibisha hadharani. Jumapili iliyofuata nilimwomba msamaha kwa maiki ileile, maana kosa la mbele ya watu halitengenezwi chumbani. Bado anapiga.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni lini mlikagua nyaya zenu zote, moja moja?
2. Kuna mtu katika timu ya sifa aliyelaumiwa kwa kosa lisilo lake? Nani atamwendea?
3. Kabla ya harambee ya vyombo, nani hupewa kazi ya kuchunguza tatizo lenyewe?

Maombi: Baba, tupe mikono yenye ustadi, na subira ya kuchunguza kabla ya kuhukumu. Linda sadaka ya wajane mikononi mwetu. Katika jina la Yesu, Amina.