Wale waliokuwa wanaimba wamekwenda wapi?

SIKU moja jioni nilikwama Mapera, wilayani Mbinga, nikingoja usafiri wa kuteremka ziwani. Baada ya Magharibi nilijibanza katika kibanda umiza kilichokuwa karibu, ambako vijana walikuja kutazama mpira. Mpira ulipokwisha hawakutaka kuondoka, na mwenye kibanda, kwa kukosa kingine, akaweka filamu kongwe ya Hollywood aliyokuwa nayo kwenye flashi. Ilikuwa ni "The African Queen", ya mwaka 1951.

Mwanzoni walicheka sana. Baadaye wengi wakaanza kusinzia, maana filamu yenyewe haina ngumi wala risasi nyingi. Lakini kijana mmoja aliyeketi mbele yangu, mwanafunzi wa sekondari kwa sare aliyovaa, akanigeukia: "Shikamoo mzee. Eti wale waliokuwa wanaimba kule kanisani wamekwenda wapi?"

Gari lilikuwa limeshapiga honi, nikamjibu kwa maneno mawili matatu nikaondoka. Makala haya ndiyo jibu nililomnyima.

Kwa ambao hawajaiona, kisa chenyewe kinaanza Septemba 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani Tanganyika hii hii yetu. Wamisionari wawili wa Kiingereza, kaka na dada, wana kanisa katika kijiji cha porini. Kaka anaongoza ibada, dada (Katharine Hepburn) anapiga kinanda, na waumini Waafrika wanajaribu kuimba wimbo wa Kiingereza. Kinachotoka vinywani mwao ni kelele tupu. Mara anafika mwenye mashua, Charlie Allnut (Humphrey Bogart), mtu wa pombe na mafuta ya mashine. Anatupa kipisi cha sigara, na wenyeji wanakigombania kama kuku wagombaniavyo punje. Kisha Wajerumani wanaingia na askari wao, wanachoma nyumba, wanawaswaga wanakijiji. Yule kaka anaugua homa na kufa. Kuanzia hapo ni Wazungu wawili ndani ya mashua wakiteremka mto hadi ziwani kuizamisha meli ya Wajerumani. Mwafrika haonekani tena ila kwa mbali, amevaa sare na kushika bunduki.

Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hii, na hakupata nyingine maishani mwake. Wala sisemi kwamba hakustahili. Wale wawili wanaigiza vizuri, mtazamaji anawapenda, anawaombea wafike salama. Hapo ndipo penye mtego. Kijana wa Mapera naye anawaombea wafike, na kule kuwaombea kunamsahaulisha kuuliza habari za wale waliochomewa nyumba. Nashukuru huyu mmoja hakusahau.

Yupo atakayesema: hizo zilikuwa zama zao, tusiwahukumu. Haya, tuzitazame hizo zama. Filamu ilitokana na kitabu cha Mwingereza C. S. Forester kilichotoka mwaka 1935. Mwaka huo huo, kule Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi wa kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi ulipokoma mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mlikuwamo mafunzo ya kilimo na ya afya, na mengine yalikuwa na faida. Lakini fikra iliyokuwa chini yake ni kwamba Mwafrika ni kama mtoto, hawezi kufuata sinema ya watu wazima, lazima apikiwe uji wake pembeni. Basi mtu aliyekwisha kuhesabiwa mtoto mnategemea apewe maneno gani katika filamu ya wakubwa?

Sasa tuingie katika vita vyenyewe, maana vilianzia karibu na Mapera kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka Mbinga ukiteremka hadi Mbamba Bay, kisha ukifuata ufukwe kwenda kaskazini, utafika Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa kuwa jabali la pale liliwakumbusha sanamu la Misri. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikatoka ng'ambo ya Nyasaland ikaja kuipiga mizinga. Wajerumani walikuwa hawajapata habari kwamba kuna vita. Inasimuliwa kwamba nahodha wao, aliyezoea kunywa na Rhoades, alipiga makasia kumfuata kwa hasira akimuuliza kama amelewa. Tukio hilo lilikuwa miongoni mwa mapambano ya mwanzo kabisa ya meli katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

(Na huyo Wissmann aliyepewa meli, msomaji wa pwani anamjua. Ndiye aliyeletwa na Ujerumani kuvunja vita vya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889.)

Kisa cha Liuli kinachekesha, na wanaokisimulia hukomea kwenye kicheko. Lakini mwezi uliofuata, Septemba 1914, mwezi ule ule ambao filamu inaanza, watu waliuana Karonga, kaskazini ya ziwa hili. Novemba mwaka huo mtu mmoja wa Nyasaland alichukua kalamu akaandika barua kwa gazeti la huko. Aliitwa John Chilembwe, mchungaji wa Kibaptisti, mwenye kanisa lake na waumini wake. Alihoji kwa nini Mwafrika afe katika vita ambavyo hakuvianzisha wala hajui vinagombewa nini, akataka matajiri na wenye mashamba makubwa ndio waende wakapigane. Wakubwa wakaizuia ile barua. Januari 1915 Chilembwe akaongoza uasi, na Februari akauawa. Leo sura yake imo katika noti za Malawi.

Mimi si wa dini yake. Lakini uadilifu unanidai nilisema hili: Hollywood ilipotaka kutuonesha waumini wa Kiafrika wa mwaka 1914, ilituonesha watu wasioweza hata kutamka wimbo. Katika nchi za ziwa hili, mwaka huo huo, mchungaji wa Kiafrika alikuwa anaandika katika gazeti juu ya haki na dhulma ya vita. Na Wamisionari wa UMCA, waliokuwa na makao yao kisiwa cha Likoma tangu miaka ya 1880, walikuwa wakifundisha kwa Kinyanja, lugha ambayo watu waliijua. Kelele za kwenye filamu zilitoka katika kichwa cha aliyeitunga, hazikutoka kanisani.

Hata kazi ya kuzamisha meli haikufanywa na watu wawili. Kisa hasa kilikuwa Ziwa Tanganyika, ambako Waingereza walipeleka mashua mbili, Mimi na Toutou, mwaka 1915. Ziliburutwa nchi kavu katika misitu ya Kongo kwa ng'ombe, kwa mashine za mvuke, na kwa mikono ya Waafrika wengi waliokata njia na kujenga madaraja. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Goetzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua sote: Liemba. Ni watu wangapi wamesafiri na Liemba kutoka Kigoma bila kujua habari hiyo?

Na mizigo ya jeshi ilibebwa na nani? Jina la jibu tunalitaja kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu zao wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani hakuna aliyeweka daftari la kuaminika. Kumbuka pia kwamba watu wa Ruvuma walikuwa bado wanauguza madonda ya Maji Maji. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, chakula kikachomwa mashambani, njaa ikafuata. Miaka minane tu baadaye wakaja tena kuchukua vijana na nafaka. Na mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck likapita tena Songea likitokea Msumbiji, likila kila lilichokikuta njiani.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa ukurasa huu hatulipendi sana. Wale askari wa filamu hawana sura wala majina. Askari wa kweli walikuwa nayo. Walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na watu wa pwani, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walizungumza Kiswahili, lugha ambayo Wajerumani waliiendeshea serikali yao kupitia maakida na makarani. Filamu imeufuta ulimwengu huo wote, haina karani, haina akida, haina mwalimu. Tunalalamika kufutwa huko, na tuna haki. Lakini tukitaka turudishwe katika picha, turudi na yote. Aliyetia kiberiti kwenye nyumba ya mtu alikuwa na jina, na mara nyingine jina hilo lilikuwa Salum au Abdallah.

Sioni haja ya kuipiga marufuku filamu hii. Mwalimu wa historia akipata nafasi aioneshe. Aisimamishe pale kijiji kinapoungua, kabla mashua haijaondoka, awaulize wanafunzi swali la yule kijana wa Mapera, kisha awaache waende nyumbani wakaulize wazee wao: nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo, nani alivaa sare, nani alikimbilia ng'ambo. Katika nyumba nyingi za Umatengo na za ufukweni yupo anayejua kitu, kwa kuwa alisimuliwa na bibi yake.

Basi kijana wangu, kama gazeti hili litakufikia: waliokuwa wanaimba, wengine walifungwa mizigo kichwani wakapelekwa wasikokujua, wengine walipewa bunduki, wengine walijificha milimani hadi nyumba zikapoa. Wengi hawakuandikwa majina popote. Anza na wazee wa upande wa mama yako, maana wao mara nyingi hawaulizwi.