Rudi na Kitu Kikapuni

 

Wadogo zangu, mmoja wenu ameniuliza: "Dada, nikimaliza kazi jioni nashika simu, napotea humo saa mbili au tatu, halafu nikiulizwa nimeona nini sina cha kusema. Nifanyeje?" Mdogo wangu, hauko peke yako. Jioni moja niliingia mtandaoni kutafuta kipimo cha tui la mkate wa kumimina. Nilipoinua macho mtaa mzima umelala, bando limekwisha, na kipimo sijakipata. Niliumia, kwa sababu muda ule ulikuwa wangu na sikuuona ulikopita.

Simu usiizime. Chagua pa kwenda. Mama alikuwa akitutuma sokoni, tukirudi anatazama kikapu kwanza, pole ya jua inafuata baadaye. Nami siku hizi nikitoka kwenye tovuti najiuliza: nimerudi na nini? Hizi hapa ni tovuti ambazo hazijanirudisha mikono mitupu. Zote unaweza kuzitumia bila kulipa, ukiacha bando lako.

Ya kwanza ni Radio Garden, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2016. Ukiifungua unaona dunia nzima ikielea, imetapakaa nukta za kijani. Kila nukta ni mahali penye redio inayorusha matangazo saa hiyohiyo. Unaizungusha dunia kwa kidole, unasimama juu ya nukta, na sauti inaingia. Mama yangu alikulia Mombasa, nasi tunaishi Dar es Salaam. Usiku mmoja nilimtafutia Mombasa, nikaitia simu ndani ya bakuli ili sauti ipae. Alikuwa akichambua mchele. Mtangazaji alipotoa salamu, mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. "Huyo mtu wa kwetu huyo," akasema, na mchele ukakaa hadi kipindi kilipokwisha. Kama una ndugu aliye mbali na kwao, mfanyie hivyo. Ila chungeni bando: redio inayorusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 kwa saa.

Ya pili ni Windy. Hii inaonyesha upepo ukitembea juu ya ramani kama nyuzi nyeupe, na rangi zinakwambia wapi una nguvu. Shuleni tulikariri kaskazi na kusi, tukajibu mtihani, tukasahau. Ifungue Januari uitazame Bahari ya Hindi: utaona nyuzi zikishuka kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi kuja pwani yetu. Ifungue tena Julai, utazikuta zimegeuka, zinapanda kutoka kusini. Hapo utaelewa kwa macho yako kwa nini majahazi ya Ghuba yalikuja msimu mmoja na kusubiri mwingine ili yarudi. Mwenye ndugu mvuvi amwonyeshe, lakini tahadhari za mamlaka ya hali ya hewa ndizo za kufuata kabla ya kushusha chombo majini.

Ya tatu naipenda kwa sababu inakupa kazi yenye heshima. Inaitwa Zooniverse, na humo wanasayansi wanaomba macho ya watu wa kawaida. Mradi wake mmoja, Snapshot Serengeti, ulifunguliwa kwa umma Desemba 2012. Watafiti walitega kamera 225 huko Serengeti, kila moja ikipiga picha yenyewe mnyama anapopita. Picha zikawa mamilioni, nyingi kuliko watafiti wachache wanavyoweza kuzitazama. Basi unaletewa picha: nyasi, giza, na pembeni sikio moja la mviringo. Ni fisi? Ni simba? Unachagua, unaeleza ni wangapi na wanafanya nini. Picha hiyohiyo huonyeshwa watu wengi na majibu yao hulinganishwa, kwa hiyo usiogope kukosea. Miradi huisha na mingine huanza; ukikuta huo umefungwa, kuna mingine ya nyota, ndege na hati za kale.

Wenye watoto, nendeni African Storybook. Ni mradi wa Afrika Kusini wenye hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Unaweza kuipakua hadithi ukaisoma bila mtandao, ukaichapa, hata ukaitafsiri kwa lugha ya bibi yako na kuiweka humo ili watoto wengine waisome.

Na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, msiipite. Tafuta jina la kata yenu. Huenda ukakuta mistari miwili mitatu tu. Juu ya ukurasa kuna neno Hariri, na neno hilo linakuita wewe. Kama una kitabu au taarifa ya kuaminika inayoeleza mto wenu au shule yenu kongwe, ongeza sentensi moja na utaje ulikoitoa. Kiswahili chetu mtandaoni kitajazwa na sisi wenyewe.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Ingia ukiwa na swali moja moyoni, hata dogo. Weka kengele ya nusu saa kabla hujaanza. Na tovuti yoyote ikikuomba namba ya siri ya pesa zako za simu, au namba ya uthibitisho uliyotumiwa kwa ujumbe, toka mara moja. Anayeuliza hayo hakutakii mema.

Jumamosi hii chagua mlango mmoja tu kati ya hii mitano. Ukimaliza, kabla hujalala, msimulie mtu mmoja nyumbani ulichokikuta. Mimi kipimo changu cha tui nilikipata baadaye: nilimuuliza mama, redio ya Mombasa ikiwa inaendelea ndani ya bakuli.

Nawapenda. Dada yenu.