Msimu wa futiboli ya vyuo Marekani 2020: Mashabiki walibishana, hasara ilibebwa na nani?

WAFANYABIASHARA wengi huchukulia ubishi wa mashabiki wa michezo kuwa ni maneno ya vijiweni yasiyohusiana na mizania ya kampuni yoyote. Ubishi uliozuka Marekani kati ya Julai na Septemba 2020 ulikuwa wa aina nyingine. Swali lilikuwa moja: je, vyuo vikuu vicheze msimu wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wakati korona inaua watu, au viahirishe? Kila aliyejibu alikuwa anazungumzia pia fedha, hata pale alipodhani anazungumzia afya au mapenzi ya timu yake.

Kwanza msomaji aielewe biashara yenyewe. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi ya watu 107,601, na ule wa Texas A&M unapita 102,000. Idara ya michezo ya chuo kikubwa hupata mapato yake kutokana na tiketi, michango ambayo shabiki hutoa ili apewe haki ya kununua kiti kizuri, matangazo, na haki za televisheni zinazouzwa kwa pamoja na shirikisho ambalo chuo ni mwanachama. Shirikisho la SEC, lenye vyuo vya kusini kama Alabama na Florida, liligawa wastani wa dola milioni 44.6 kwa kila chuo kwa mwaka wa 2018/19. Fedha hizo za futiboli ndizo zinazolisha michezo mingine isiyojilipia, kama vile kuogelea, tenisi, mieleka na riadha.

Upande wa matumizi, kocha mkuu wa Alabama, Nick Saban, alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Chuo cha California kilichoko Berkeley kilikuwa na deni la zaidi ya dola milioni 400 kutokana na ukarabati wa uwanja wake. Mishahara na riba hazisubiri mechi ichezwe. Mchezaji, ambaye watu hulipa kiingilio kumtazama, wakati huo hakuwa na mshahara. Alipata ada ya masomo, chakula na malazi.

Hatari iliyojificha hapo ni rahisi kuiona. Matumizi ni ya miezi kumi na miwili, lakini sehemu kubwa ya mapato inategemea Jumamosi sita au saba za kuchezea nyumbani. Mwenye duka la sare za shule anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa: Januari ikiharibika, mwaka umeharibika.

DALILI ZA MACHI

Onyo lilikuja mapema. Tarehe 12 Machi 2020, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilifuta mashindano yake ya mpira wa kikapu ya wanaume ambayo ndiyo chanzo kikuu cha fedha zake. Vyuo vilivyotarajia kugawana dola milioni 600 vikagawana milioni 225. Chama kilikuwa na bima ya dola milioni 270 dhidi ya kufutwa kwa mashindano, na bima hiyo ndiyo iliyowezesha hata mgawo huo mdogo. Waendeshaji wa tenisi ya Wimbledon huko Uingereza walikuwa na hali nzuri zaidi: walikuwa wamekata bima inayotaja magonjwa ya mlipuko tangu ugonjwa wa SARS ulipotokea mwaka 2003, wakailipia mwaka hadi mwaka bila kuona faida yake, na mashindano ya 2020 yalipofutwa wakalipwa fidia ya zaidi ya pauni milioni 100. Baada ya Machi 2020, aliyetaka kununua bima ya namna hiyo alikuwa amechelewa. Kampuni ya bima haikatii bima nyumba ambayo tayari moshi unatoka.

Kwa hiyo vyuo viliingia katika majira ya kiangazi bila kinga, huku mashabiki wakiwa wamekwisha kulipia tiketi za msimu mzima.

HOJA ZA PANDE MBILI

Waliotaka mechi zichezwe walikuwa na hoja ambazo si za kudharauliwa. Walisema vijana wa umri wa miaka 20 hawauawi sana na ugonjwa huu, na kwamba mchezaji yuko salama zaidi ndani ya timu yenye madaktari na vipimo kuliko akirudishwa nyumbani. Saban mwenyewe aliitoa hoja hiyo hadharani. Walisema pia kuwa miji midogo ya vyuo, yenye hoteli, baa na maduka yanayoishi kwa Jumamosi chache za mwaka, itafilisika. Na walikumbusha kuwa futiboli ikisimama, waogeleaji na wacheza tenisi ndio watakaofukuzwa kwanza.

Waliopinga waliuliza swali moja ambalo halikupata jibu zuri: iweje darasa lifungwe na uwanja ufunguliwe? Halikuwa swali la nadharia. Tarehe 17 Agosti 2020, Chuo cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kilihamishia masomo ya shahada ya kwanza kwenye kompyuta baada ya wiki moja tu ya kufundisha madarasani, lakini timu yake ikaendelea kujiandaa na baadaye ikacheza. Madaktari nao walitaja uvimbe wa misuli ya moyo unaoweza kumpata hata kijana mwenye nguvu baada ya kuugua. Kubwa zaidi, wapinzani walisema, anayebeba hatari ni mchezaji asiyelipwa, na anayelindwa ni mkataba wa televisheni.

Wachezaji wenyewe hawakuwa na sauti moja. Tarehe 2 Agosti kundi la wachezaji wa shirikisho la Pac-12, la vyuo vya magharibi, lilitishia kugoma likidai ulinzi wa afya na sehemu ya mapato. Siku nane baadaye nyota wa Clemson, Trevor Lawrence, na wenzake walitangaza kuwa wanataka kucheza, lakini wakaweka masharti ya afya na wakagusia kuunda chama cha wachezaji. Mashabiki wengi walisoma mstari wa kwanza wa tangazo hilo wakashangilia, wakauacha uliobaki.

Hoja ambayo haikusikika sana ni ya mwenye tiketi. Vyuo vingi vilimpa chaguo tatu: arudishiwe fedha, azihamishie msimu wa 2021, au aziache ziwe mchango. Kisheria pana jambo hapo. Tangu mwaka 2018 mchango wa kupata haki ya kiti haupunguzi kodi ya mapato ya Mmarekani, lakini mchango mtupu usiodai kiti unaweza kupunguza. Ndiyo maana baadhi ya idara ziliwakumbusha mashabiki wao, kwa lugha ya upole, kwamba kusamehe tiketi si hasara tupu. Shabiki aliyeacha fedha zake alikuwa amekikopesha chuo bila riba, au amekipa kabisa, wakati yule aliyepiga kelele zaidi kijiweni huenda alikuwa wa kwanza kudai zirudi.

WALIOAMUA HARAKA NA WALIOSUBIRI

Tarehe 9 Julai shirikisho la Big Ten, lenye Ohio State na Michigan, lilitangaza kuwa wanachama wake watacheza wao kwa wao tu. Lilionekana tangazo dogo la ratiba, lakini kwa vyuo vidogo vya shirikisho la MAC lilikuwa pigo. Vyuo hivyo hulipwa ili viende kucheza (na kwa kawaida kufungwa) kwenye viwanja vya wakubwa. Mechi 11 zilipotea, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 10. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Agosti, MAC likawa shirikisho la kwanza la daraja la juu kuahirisha msimu.

Tarehe 5 Agosti Big Ten lilitoa ratiba kamili ya mechi. Siku sita baadaye, tarehe 11 Agosti, likaahirisha msimu wote, na Pac-12 likafanya hivyo siku hiyo hiyo. Kati ya vyuo 14 vya Big Ten, 11 vilikubali. Ohio State, Iowa na Nebraska vilikataa. Wazazi wa wachezaji wakaandamana mbele ya ofisi za shirikisho huko Rosemont, Illinois. Wachezaji wanane wa Nebraska wakafungua kesi. Justin Fields wa Ohio State akakusanya saini zaidi ya 300,000. Tarehe 1 Septemba Rais Donald Trump akampigia simu mkuu wa shirikisho, Kevin Warren, miezi miwili kabla ya uchaguzi ambao majimbo ya Big Ten yalikuwa na uzito mkubwa.

SEC lilifanya jambo ambalo mfanyabiashara wa mazao angelitambua mara moja: halikuuza wala halikununua, lilisubiri. Lilisogeza ufunguzi hadi tarehe 26 Septemba, likapunguza mechi kuwa 10 kwa kila timu na kuacha nafasi tupu katika ratiba. Kusubiri kuna gharama yake, lakini huacha milango yote miwili wazi. Big Ten lilikuwa limefunga mlango mmoja, na kuufungua tena kuligharimu zaidi ya aibu.

Kilichobadili hesabu mnamo Septemba ni bei na kasi ya vipimo. Mwishoni mwa Agosti kampuni ya Abbott iliruhusiwa kutoa kipimo cha haraka cha dola 5, na tarehe 3 Septemba Pac-12 likaingia mkataba na kampuni ya Quidel wa kupima wachezaji kila siku. Tarehe 16 Septemba Big Ten likageuza uamuzi wake, likapanga kuanza wikiendi ya tarehe 24 Oktoba. Lakini sasa lilikuwa na wiki tisa za kucheza mechi tisa, bila hata Jumamosi moja ya akiba.

MATOKEO

Tofauti hiyo ilionekana wazi. SEC lilicheza mechi 68 kati ya 70 za kawaida, kwa sababu mechi iliyoahirishwa ilipata pa kuwekwa. Ohio State ilicheza mechi tano tu kati ya nane za kawaida. Mchezo wake na Michigan, uliochezwa kila mwaka tangu 1918, ulifutwa kwa sababu ya maambukizi Michigan. Kanuni ilidai timu icheze mechi sita ili ifike fainali ya shirikisho, hivyo tarehe 9 Desemba wakubwa wakaibadili kanuni katikati ya msimu. Indiana, ambayo ingechukua nafasi hiyo, ikaachwa. Mwekezaji mdogo aliyewahi kuona masharti ya hisa yakibadilishwa baada ya kununua ataelewa uchungu wa mashabiki wa Indiana.

Huko Florida, baada ya kufungwa na Texas A&M tarehe 10 Oktoba mbele ya mashabiki waliojaza robo ya uwanja, kocha Dan Mullen alitaka uwanja wake mwenyewe ujazwe watu 90,000 wiki iliyofuata. Kabla ya wiki hiyo kwisha maambukizi yalienea katika timu yake, mechi na LSU ikaahirishwa, na yeye mwenyewe akapatikana na virusi. Ikachezwa tarehe 12 Desemba, ile Jumamosi tupu ambayo SEC iliiweka akiba. Florida ikafungwa.

Alabama ilitwaa ubingwa tarehe 11 Januari 2021 kwa kuifunga Ohio State 52 kwa 24 mbele ya watu 14,926.

Vitabu vya hesabu vilikuja kusomwa baadaye. Mapato ya idara ya michezo ya Ohio State yalishuka kutoka dola milioni 233 hadi kama milioni 107, na nakisi ikapita milioni 60, pamoja na kwamba msimu ulichezwa na timu ikafika fainali. Hapo ndipo ubishi wa mashabiki ulipokosea pande zote mbili. Wengi walidhani kucheza ni kuokoa fedha na kutocheza ni kuzipoteza. Kucheza kuliokoa fedha za televisheni. Fedha za milangoni zilikuwa zimekwenda vyovyote iwavyo, maana Big Ten halikuuza tiketi kwa umma. Iowa ilifuta michezo minne mnamo Agosti 2020, na msimu uliporudi haukuifufua. Kuogelea kwa wanawake kulirudishwa Februari 2021 baada ya wanamichezo kwenda mahakamani.

SEC nalo, mshindi wa ubishi huu, lilikopa. Mwaka 2021 liliwapa wanachama wake 14 dola milioni 23 kila mmoja, fedha zilizotolewa mapema kutoka katika mapato ya televisheni ya miaka ya mbele. Anayetaka kujua kama "tuliokoa msimu" ni maneno ya kweli aanzie kwenye mstari huo wa madeni.

Wachezaji waliojitoa kabla ya msimu kuanza hawakuadhibiwa na soko. Ja'Marr Chase, Penei Sewell na Micah Parsons hawakucheza kabisa mwaka 2020. Katika uteuzi wa wachezaji wa kulipwa wa 2021 walichaguliwa wa 5, wa 7 na wa 12. Bei yao ilikuwa imekwisha kujulikana.

Dai la mgao wa mapato lililotolewa Agosti 2020 na kuchekwa na mashabiki wengi lilichukua miaka mitano. Tangu Julai 1, 2025, kufuatia usuluhishi ulioidhinishwa na mahakama, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kwa kikomo kilichokuwa dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza wa 2025/26. Tennessee ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka uliotangulia itakakozipata: asilimia 10 juu ya bei ya tiketi za msimu mzima za futiboli za 2025, inayolipwa na shabiki.