Chumba cha Mita Tatu kwa Tatu: Maswali na Majibu Kuhusu Samani za Moduli

Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3 ni cha kawaida katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam. Kitanda cha futi 4 kwa 6 peke yake kinachukua karibu robo ya sakafu, mlango unataka nafasi ya kufungukia, na dirisha halifai kuzibwa. Zinazobaki ni kuta, uvungu wa kitanda na sehemu ya juu karibu na dari. Samani za moduli, yaani masanduku, rafu na droo za vipimo vinavyooana, hununuliwa kidogo kidogo na kuunganishwa kadiri fedha inavyopatikana. Kwa mpangaji zina faida nyingine: akihama, anahama nazo.

*Kazi ianzie wapi?*

Ianzie kwenye kitanda, si kwenye kabati. Kikisogezwa hadi kugusa ukuta, kitanda cha futi 4 kinaacha mita 1.8 hadi ukuta wa pili. Kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60 likisimama upande wa pili, njia ya katikati inabaki na sentimita 120, na hapo milango inafunguka na droo zinavutika bila taabu. Kitanda cha futi 5 kinapunguza njia hiyo hadi sentimita 90. Cha 6 kwa 6 kinabakiza 60 tu: mtu anapita, lakini akifungua mlango wa kabati hana pa kusimama. Watu wengi hulaumu udogo wa chumba ilhali tatizo ni upana wa kitanda.

Baada ya hapo kila ukuta upimwe kwa futikamba chini, katikati na juu, kisha kichukuliwe kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu kona za nyumba nyingi hazijanyooka. Swichi na soketi nazo zionyeshwe kwenye mchoro.

*Kabati liwe na sehemu gani?*

Inategemea nguo zilizopo. Shati kwenye hanga linahitaji kimo cha karibu mita 1, na kanzu au dera karibu mita 1.5. Hanga lina upana wa sentimita 42 hadi 45, ndiyo maana kina cha 55 hadi 60 kinahitajika. Khanga, vitenge, shuka na taulo hukunjwa, navyo vinatoshea kwenye rafu ya kina cha sentimita 30 au 35. Kwa nyumba yenye khanga nyingi na suti moja, kabati kubwa la kutundikia ni upotevu wa fedha na wa sakafu. Sehemu ya kutundikia yenye upana wa sentimita 80 inatosha. Ukuta uliobaki ubebe rafu nyembamba. Mashati yanaweza pia kutundikwa kwa safu mbili, moja juu ya nyingine, katika kabati la kimo cha mita 2.

*Uvungu wa kitanda una thamani gani?*

Ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kilichoinuliwa sentimita 30 kutoka sakafuni kina uvungu wenye zaidi ya nusu ya ujazo wa kabati la upana wa mita 1, kina cha 60 na kimo cha mita 2. Nafasi hiyo mara nyingi hujazwa mifuko ya shangazi kaja iliyosukumwa hadi ukutani, na kinachotakiwa huwa kwenye mfuko wa mwisho. Droo tatu za magurudumu, kila moja na upana wa sentimita 55 hivi, zinaondoa adha hiyo. Kina chake kisizidi upana wa njia, la sivyo hazitafunguka zote.

Kuinua kitanda kuna gharama yake. Kwa godoro la inchi 6 sehemu ya kukalia hufika sentimita 55 au 60, wakati kiti cha kawaida kina 45. Kijana haoni shida, bibi ataiona. Godoro la inchi 10 linazidisha kimo hicho. Chaga nazo ziwe imara na zishikiliwe katikati na mhimili.

*Zinunuliwe dukani au zichongwe na fundi?*

Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, kama wale wa Ngong Road jijini Nairobi, huchonga kwa kipimo cha mteja, na hapo ndipo unafuu ulipo iwapo mteja anajua vipimo vya ubao. Ubao wa chipubodi, MDF au plaiwudi huuzwa kwa kawaida futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Kina cha sentimita 30 kinatoa mikanda minne, cha 40 mitatu, cha 60 miwili, na mabaki ni kidogo sana. Kina cha 45 kinatoa mikanda miwili tu, kisha zaidi ya robo ya ubao inakuwa makapi aliyoyalipia mteja. Mikanda ya 30 ikikatwa kila sentimita 40, ubao mmoja unatoa vipande 24, vinavyotosha masanduku sita yasiyo na migongo. Migongo hutengenezwa kwa plaiwudi nyembamba.

Kipimo kilichochaguliwa kisibadilishwe. Sanduku la mwakani likiwa na upana tofauti na la mwaka huu, halitakaa juu yake sawasawa, na maana yote ya moduli imepotea.

*Ubao gani unafaa Pwani?*

Chipubodi ni rahisi kwa bei, lakini ikinyonya maji huvimba na hairudi ilivyokuwa. Maji huingilia kwenye kingo zilizokatwa, kwa hiyo kila ukingo ubandikwe utepe, hata ule wa chini usioonekana. Miguu ya sentimita 5 hadi 10 inaepusha maji ya kudeki. Sentimita chache kati ya mgongo wa kabati na ukuta zinapitisha hewa, jambo la lazima wakati wa masika, ukungu unapoanza kushika nguo. Paini, nyingi ikitoka mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, ni nyepesi na inavumilia unyevu kuliko chipubodi ikipakwa vanishi. Mninga unadumu zaidi, ila ni mzito na ghali kwa samani za kuhamahama.

*Rafu zipande hadi wapi?*

Hadi karibu na dari, kwa masanduku na nguo za msimu. Rafu ya chipubodi isizidi upana wa sentimita 80 kwa nguo na 60 kwa vitabu, kwani hupinda katikati. Safu ndefu ifungwe ukutani. Mtoto akivuta droo kadhaa kwa pamoja na kuzipanda, kabati humwangukia. Marekani ilitunga sheria kuhusu hatari hiyo mwaka 2022 baada ya vifo vya watoto. Mwenye nyumba aombwe ruhusa ya kutoboa, na matundu yazibwe siku ya kuondoka. Kitanda cha kupandishwa juu hakifai palipo na pangaboi.

*Kuhama kunakuwaje?*

Skrubu ya chipubodi ikifunguliwa mara kwa mara hulegea. Viungo vya kufunguliwa vifungwe kwa bolti inayopenya hadi upande wa pili na nati yake. Vipande vipewe namba kwa penseli upande wa ndani, na bolti zote zifungwe kwenye kifuko kimoja kinachosafiri ndani ya droo ya juu.